Karatasi ya rehema yenye nafasi ya jina

Msomaji ameandika:

"Mimi ni mchapaji hapa Dar es Salaam, mwaka wa thelathini sasa, nilianza na herufi za risasi nikiwa kijana. Binti yangu anasoma Salamanca, Hispania. Kwenye duka la vitabu vya kale ameonyeshwa karatasi moja iliyochapwa upande mmoja tu. Herufi ni nyeusi, nzito, zimebanana. Katikati ya maandishi kuna nafasi iliyojazwa kwa kalamu, na chini kuna picha ya muhuri. Muuzaji anasema ilitolewa ndani ya jalada la kitabu kingine, ni ya kanisa, ya miaka ya 1490 au baadaye kidogo, na kwamba zamani zilichapwa kwa maelfu. Nauliza: huu ni ukurasa wa kitabu gani? Nani aliuchapa, maana jina halipo? Na kama zilikuwa maelfu, mbona hazionekani? Binti anataka kuninunulia."

Ndugu yangu mchapaji,

Huo si ukurasa wa kitabu. Ni fomu. Kwa jinsi ulivyoieleza, karibu hakika ni hati ya rehema, na kwa Hispania ya miaka ile inayoelekea zaidi ni ile iliyoitwa Bula ya Vita vya Msalaba; bula ni hati rasmi ya Papa. Nimefurahi kwamba swali limetoka kwa mtu wa kazi yako, kwa sababu mambo ambayo wanafunzi wangu huchukua muhula mzima kuyaelewa, wewe utayashika mara moja. Unajua ni kazi gani inayolipa kodi ya chumba: vitabu vya stakabadhi, kadi za harusi, fomu za shule. Kitabu cha mtu kikija ni heshima, lakini mshahara wa vijana mwisho wa mwezi unatoka kwenye stakabadhi. Karakana za Hispania za karne ya 15 zilikuwa hivyo hivyo, na karatasi aliyoiona binti yako ndiyo stakabadhi yao.

Tuanze na ile nafasi iliyojazwa kwa kalamu. Kwenye hati za aina hii maneno yaliyochapwa husema, kwa Kihispania cha wakati ule, "kwa kuwa wewe", kisha panaachwa pengo, kisha yanaendelea "umetoa reales 2" (reales ni sarafu za Hispania za wakati ule), na kadhalika. Pengo ni la jina la mnunuzi. Mara nyingi huwa kuna pengo la pili la siku na mwezi. Mwambie binti atazame wino wa sehemu hizo mbili kwa makini. Wino wa chapa ulitengenezwa kwa masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, na baada ya miaka 500 bado ni mweusi. Wino wa kalamu ulikuwa wa chumvi ya chuma na uvimbe wa mti wa mwaloni, nao hugeuka kahawia kwa uzee. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kweli jina la mnunuzi huwa na rangi ya chai ya rangi katikati ya weusi wa mchapaji. Mwandiko nao huonyesha haraka: karani amekaa mezani kanisani, foleni iko mbele yake, anaandika Juan, anaandika María, anasukuma karatasi, anapokea fedha. Pengine jina halikuenea kwenye nafasi iliyoachwa, likapanda juu ya mstari wa chapa. Mimi hupenda kuyatazama majina hayo kuliko kitu kingine chochote kwenye hati, maana wengi wao hawakuandikwa mahali pengine popote ambapo pamebaki.

Walinunua nini hasa? Rehema, kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, ni kuondolewa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi yenyewe kusamehewa katika kitubio. Bula ilitolewa na Papa, na sadaka iliyotokana nayo ilipangiwa kazi maalumu. Mwaka 1482 Papa Sixtus IV aliwapa watawala wa Hispania walioitwa wafalme Wakatoliki, Isabel na Fernando, bula ya kuchangia vita dhidi ya ufalme wa Kiislamu wa Granada. Granada ilianguka Januari 1492, lakini bula haikusimama. Iliendelea kufanywa upya kwa ajili ya vita vya Afrika ya Kaskazini na Bahari ya Kati, ikageuka kuwa pato la kudumu la hazina ya mfalme, na desturi yake ilifika hadi karne ya 20. Ni lazima niseme wazi kwamba karatasi hizi, pamoja na uzuri wake, zilikuwa mchango wa vita, na upande wa pili wa vita hivyo walikuwepo watu waliopoteza miji na misikiti yao. Ukiishika mkononi usilisahau hilo.

Kwa mnunuzi wa kijijini faida ilikuwa ya karibu zaidi. Mwenye bula aliweza kujichagulia padri wa kumuungamisha, ambaye angeweza kumwondolea hata dhambi ambazo kwa kawaida zilipelekwa kwa askofu au kwa Papa, mara moja maishani na mara moja saa ya kufa. Zilikuwepo bula za kuwaombea marehemu walioko toharani. Ilikuwepo pia ruhusa ya kula mayai na maziwa wakati wa Kwaresima, jambo ambalo kwa mtu wa nyanda za juu za Castilla, mbali na samaki wa bahari, halikuwa dogo hata kidogo. Chini kabisa ya karatasi mara nyingi huwa na maneno ya Kilatini yanayoanza "Misereatur tui". Hayo yalikuwa ya padri: mgonjwa akizidiwa, karatasi ilitolewa sandukuni, padri akayasoma maneno yale juu ya kitanda chake. Mwenye hati huenda hakujua kusoma hata herufi moja, ila alijua kwamba siku ile karatasi itasomwa.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 16 bei ya mtu wa kawaida ilikuwa reales 2. Wahubiri waliingia mjini kwa maandamano, bula ikapokelewa kwa heshima, watu wakaitwa kanisani. Wasio na fedha taslimu wengine walipewa kwa mkopo hadi mavuno. Wajumbe wa mabaraza ya miji walilalamika mara kwa mara mbele ya mfalme kwamba wanakijiji wanazuiwa kwenda mashambani mpaka wanunue. Niliposoma malalamiko hayo mara ya kwanza nilishangaa jinsi yanavyofanana na manung'uniko ya michango ya lazima tunayoyajua sisi.

Sasa njoo upande wa karakana. Gutenberg mwenyewe, baba wa uchapaji wa Ulaya, pale Mainz, Ujerumani, alipokuwa bado anahangaika na Biblia yake, alikuwa na hati za rehema zinazotoka kwenye mitambo ya Mainz. Zilizobaki zina tarehe za kuanzia Oktoba 1454, na ni miongoni mwa vitu vya kwanza kabisa vya Ulaya vilivyochapwa kwa herufi za kuhamishika vyenye tarehe. Zilichangisha fedha za kuilinda Cyprus dhidi ya Waturuki. Sababu ya karatasi kama hizo kutangulia unaijua bila kuambiwa. Kitabu kinakula karatasi ya miezi kabla hujauza nakala moja, na karatasi ndiyo iliyokuwa gharama kubwa. Nakala zikishakamilika zinasafirishwa kwa mapipa hadi mji mwingine, na fedha zake zinarudi baada ya mwaka au miwili, zikirudi. Hati ya rehema ni kinyume chake: mteja mmoja, tena mkubwa, amekuja na oda, maandishi ni ukurasa mmoja, unachapa upande mmoja, unakabidhi, unalipwa. Hakuna nakala inayobaki rafuni kwako.

Idadi yake ndiyo iliyowatisha hata wachapaji wenyewe. Mwezi Mei 1498 mchapaji Mjerumani Johann Luschner alichapa Barcelona hati za rehema 18,000 kwa ajili ya abasia ya Montserrat, kisha watawa wakampandisha yeye na mtambo wake mlimani kwao akaendelea na kazi hukohuko. Linganisha na kazi kubwa kuliko zote ya uchapaji wa Hispania wakati huo, Biblia ya lugha nyingi ya Alcalá de Henares. Kardinali Cisneros ndiye aliyegharimia, Arnao Guillén de Brocar ndiye aliyechapa, juzuu 6, Kiebrania, Kiaramu, Kigiriki na Kilatini vikiwa bega kwa bega kwenye ukurasa mmoja. Agano Jipya lilikamilika Januari 1514 na juzuu ya mwisho Julai 1517. Miezi michache baadaye, Novemba, kardinali akafariki, na ruhusa ya Papa ya kuisambaza ikaja mwaka 1520. Nakala zilikuwa kama 600. Herufi za Kigiriki za Agano Jipya lile ni nzuri mno; ukiziona utajua kuna mtu aliyekata chuma akiwa na subira ya miaka. Lakini kazi ya namna ile iliwezekana kwa sababu kardinali alikuwa nyuma yake na mfuko wa uaskofu wake mkuu wa Toledo. Mchapaji asiye na kardinali alihitaji fomu.

Namna ya kuzichapa ndiyo itakayokufurahisha. Kwa kuwa hati ni ndogo kuliko karatasi nzima inayotoka kwa mtengeneza karatasi, mpanga herufi alipanga maneno yale yale mara mbili, pengine mara nne, vyote vikafungwa pamoja kwenye fremu moja, vikapigwa kwa mvuto mmoja wa mtambo, kisha karatasi ikakatwa. Sasa mtu hawezi kupanga maneno yale yale mara nne bila kutofautiana na nafsi yake. Mpango mmoja umefupisha neno, wa pili umeliandika lote. Mmoja una "n" iliyogeuzwa juu chini ikawa "u". Ndiyo maana hati mbili za siku moja, mtambo mmoja na karatasi moja zinaweza kuwa na tofauti ndogondogo, na mtaalamu asiyejua kazi ya mikono akadhani ni matoleo mawili. Niliwahi kukosea hivyo nikiwa mwanafunzi. Aliyenisahihisha alikuwa mchapaji mstaafu aliyekuja kusoma magazeti kwenye maktaba yetu, alizitazama picha zangu dakika mbili, akaniambia, "Hizi ni pacha, zimelala kitanda kimoja." Tangu siku hiyo sijawahi kuandika habari za karatasi ya kale bila kumuuliza mtu wa mtambo.

Kuhusu jina la mchapaji. Halipo kwa sababu halikuhitajika, kama ambavyo kwenye stakabadhi ya shule unaandika jina la shule kwa herufi kubwa na jina lako halipo, au liko pembeni kwa herufi za sisimizi. Kilichompa mnunuzi imani kilikuwa jina la kamishna wa bula, sahihi yake na muhuri wake, vyote vikiwa vimechongwa kwenye ubao na kupigwa pamoja na herufi. Hiyo ndiyo picha ya muhuri aliyoiona binti.

Lakini tunaweza kukisia karakana, maana baada ya muda wafalme hawakutaka kila mwenye mtambo achape bula. Karatasi yenye pengo la jina ni sawa na fedha. Ukiziachia karakana zote, kesho kuna za bandia sokoni. Kwa hiyo kazi ikakabidhiwa kwa nyumba mbili za watawa: monasteri ya Nuestra Señora de Prado ya watawa wa Mtakatifu Yeronimo, nje kidogo ya Valladolid, na ile ya San Pedro Mártir ya Wadominiko mjini Toledo. Zilikuwa kama Mpigachapa Mkuu wa Serikali kwetu. Mkuu wa Prado katika miaka mtambo ulipoingia pale alikuwa Hernando de Talavera, muungamishi wa malkia Isabel, mtu aliyeelewa mapema kuliko wengi nguvu ya mtambo huo. Watawa hawakuwa wanavuta mtambo wao wenyewe kila siku. Waliajiri mafundi, wengi wao waliozunguka mji hadi mji na herufi zao, na kwa fundi wa namna hiyo msimu wa bula ulikuwa mvua ya masika. Majengo ya Prado bado yapo, na leo ni ofisi za serikali ya jimbo zinazoshughulikia utamaduni. Kama binti anapita Valladolid aende akayaone. Kwa karatasi ya miaka ya 1490 na kuendelea, Valladolid na Toledo ndizo za kwanza kuzishuku.

Kushuku si kujua, na njia ya kujua ni kipimo. Kila karakana ilikuwa na herufi zake zilizomwagwa kwenye kalibu zake, na hazikulingana kabisa na za jirani. Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Proctor wa Uingereza na Konrad Haebler wa Ujerumani walifanya jambo rahisi la ajabu: walipima. Chukua mistari 20 iliyopangwa bila nafasi ya ziada, pima kwa milimita kutoka chini ya mstari mmoja hadi chini ya mstari wa ishirini baada yake. Kisha, kwa herufi za Kigothi, yaani zile nyeusi, nzito na zilizobanana, tazama umbo la herufi kubwa M, kwa sababu wakata herufi walijimwaga zaidi kwenye M kuliko penginepo. Kipimo na umbo la M kwa pamoja hupunguza orodha ya karakana zinazowezekana hadi mbili tatu, pengine moja. Haebler aliitumia njia hiyo hasa kwa vitabu vya Hispania, na mpaka leo tunatembea kwenye njia aliyoifyeka. Mwambie binti asipige picha ya kupendeza ya pembeni. Aweke rula ya milimita kando ya maandishi, simu iwe juu sawasawa, mwanga utoke ubavuni. Kama hati ina mistari isiyofika 20, apime 10 na tuzidishe.

La pili ni karatasi yenyewe. Muuzaji akikubali, aiinue dhidi ya dirisha. Ataona mistari myembamba iliyosongamana na mingine michache inayoikata kwa umbali wa vidole viwili hivi: huo ni waya wa chujio ambalo mtengeneza karatasi alilitumbukiza kwenye pipa la matambara yaliyopondwa. Bahati ikiwepo ataona pia alama ya maji, kama ile unayoitafuta kwenye noti. Kwenye karatasi zilizotumika Hispania miaka ile, alama inayokutwa mara nyingi ni kiganja cha mkono kilicho wazi, na juu ya kidole cha kati kuna nyota au ua. Lakini hati ikiwa ni nusu au robo ya karatasi nzima, alama huweza kukatwa. Utapata vidole tu, au nyota peke yake. Usidharau vidole hivyo. Charles-Moïse Briquet alichora zaidi ya alama 16,000 za Ulaya akazichapisha mwaka 1907, na kwa kuwa chujio la waya lilichakaa baada ya muda mfupi, alama inayofanana kabisa hukupa miaka michache tu ya kutafuta ndani yake.

La tatu ni lako, kwa sababu vidole vyako vimezoea. Mtambo wa mbao ulibana herufi za risasi kwenye karatasi iliyoloweshwa. Mgongo wa karatasi huwa na vituta vidogo ambavyo kidole kikavu huvihisi, na ukitumia kioo cha kukuzia utaona wino umesukumwa ukingoni mwa herufi, ukingo mweusi zaidi kuliko katikati. Nakala ya kisasa iliyopigwa kwa ofseti haina kituta, na chini ya kioo utaona nukta. Wapo wanaouza nakala za kumbukumbu za makumbusho kama za kweli, na mtu wa kalamu akadanganyika. Wewe hutadanganyika.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike jibu refu. Maelfu kwa maelfu yalikwenda wapi? Vipo vitu vilivyopotea kwa sababu vilichukiwa. Biblia iliyochapwa Valencia mwaka 1478 kwa lugha ya watu wa pale ilichomwa na Mahakama ya Inkwizisheni, iliyowasaka wazushi wa dini, na kilichobaki ni ukurasa wake wa mwisho, ulioko New York. Bula hazikuchukiwa. Zilikwisha muda. Hati ilikuwa na kipindi chake cha kuhubiriwa. Kipindi kikiisha ilitangazwa mpya na ya zamani haikufaa kitu. Nani anatunza risiti ya maji ya mwaka juzi? Na zile ambazo hazikuuzwa zilibaki rundo kwenye karakana, karatasi nzuri, imara, safi upande wa nyuma.

Hapo ndipo mtia jalada anapoingia. Alihitaji kitu kigumu cha ndani ya ngozi, na mbao zilikuwa nzito na ghali. Akachukua karatasi zisizo na kazi, akazipaka gundi, akazibandika moja juu ya nyingine mpaka zikawa ubao. Ndani ya majalada ya karne ya 16 tumeokota bula, kurasa zilizoharibika mtamboni, vipande vya kalenda, vyote vikiwa vimelala gizani miaka 400 au 500 pasipo mwanga wala panya. Hati iliyotolewa ndani ya jalada mara nyingi haina jina kwenye pengo, kwa sababu haikuuzwa. Hiyo ya binti ina jina. Maana yake iliuzwa, ikakaa kwenye nyumba ya mtu, na baadaye tu ndipo ikafika kwa mtia jalada. Hilo ni adimu kidogo na linanivutia.

Njia nyingine ya kubaki ni kaburi. Katika mji wa Cuéllar, mkoa wa Segovia, ndani ya kanisa la San Esteban kuna kaburi la bibi wa ukoo wenye cheo aliyeitwa Isabel de Zuazo. Lilipofunguliwa katika kazi za ukarabati, lilikutwa na rundo la bula na karatasi nyingine za dini alizozikwa nazo, zilizokusanywa kwa miaka mingi kuanzia mwisho wa karne ya 15. Hewa kavu ya pale ilizitunza. Alikuwa amezinunua moja baada ya nyingine, akazihifadhi hata zilizokwisha muda, na alipokufa watu wake wakaziweka pamoja naye kama mtu anayefungasha vyeti vyake vyote kabla ya safari ya ofisini. Sisi wanahistoria wa uchapaji tumepata kwa bibi huyo mmoja hati ambazo maktaba kubwa hazikuwa nazo. Kila ninapoeleza habari hii darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu hakuziweka pale kwa ajili yetu.

Pengine utaniuliza kama vitabu vilianza baadaye. Vilianza mapema, na navyo kwa ajili ya dini. Kitabu cha kwanza kinachojulikana kuchapwa Hispania ni maazimio ya sinodi ambayo askofu wa Segovia, Juan Arias Dávila, aliwaitia mapadri wake katika kijiji cha Aguilafuente, Juni 1472. Alimtumia mchapaji kutoka Heidelberg, Juan Párix. Nakala pekee iko kwenye hifadhi ya kanisa kuu la Segovia. Nacho ukikisoma ni karatasi za kazi: mapadri wavae nini, waandike nini, waishi vipi. Askofu alitaka kila parokia iwe na maneno yale yale, na waandishi wa mkono wangekosea.

Jambo hilo hilo la kutaka maneno yawe yale yale ndilo lililopeleka herufi mahali pengine. Granada, mwaka 1505, mchapaji Juan Varela alitoa kamusi ya Kiarabu cha pale iliyotungwa na mtawa Pedro de Alcalá, Kiarabu chote kikiwa kimeandikwa kwa herufi za Kihispania, ili mapadri waweze kuwaungamisha watu ambao jana walikuwa Waislamu. Sisi ambao mashairi ya mababu zetu yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kisha yakahamishiwa za Kirumi, tunaijua kazi hiyo ya kuhamisha sauti, na tunajua kinachodondoka njiani. Na Sevilla, tarehe 12 Juni 1539, Juan Cromberger aliwekeana mkataba na Juan Pablos, mzaliwa wa Brescia, apeleke mtambo Mexico, ambako kazi ya kwanza ilikuwa mafundisho ya dini kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa kule, na Kihispania. Mkataba unawataja waliosafiri: Juan Pablos, mkewe Jerónima Gutiérrez, mvuta mtambo Gil Barbero, na mtumwa mweusi aliyeitwa Pedro. Cromberger alikuwa na watumwa kwenye karakana yake ya Sevilla pia. Hakuna nakala ya kile kitabu cha 1539 iliyobaki, na Pedro hana ukoo kwenye mkataba wala tarehe ya kuzaliwa, lakini alikuwamo kwenye safari ya mtambo wa kwanza wa Amerika.

Turudi kwa binti. Kabla ya kutoa senti, mambo mawili. Sheria ya Urithi wa Kihistoria ya Hispania ya mwaka 1985 inataka kibali kabla ya kutoa nje ya nchi kitu cha urithi chenye umri unaozidi miaka 100. Asiikunje ndani ya daftari akapanda nayo ndege. Aombe kibali, na muuzaji wa haki ataijua njia. Pia atazame nyuma na pembezoni kama kuna muhuri wa hifadhi au namba ya zamani iliyofutwa, maana karatasi za parokia zimeibwa sana, na kitu cha parokia kirudi parokia.

La pili amuulize muuzaji bila aibu: hilo jalada liko wapi? Ni la kitabu gani, na ndani yake kulikuwa na karatasi gani nyingine zilizogandana na hii? Jalada lina ngozi yenye chapa za mtia jalada, lina jina la kitabu na pengine la mwenyewe, na karatasi jirani huenda zina herufi zile zile zenye jina la karakana ambalo hii yetu haina. Wauzaji wengi huibandua hati, wakauza hati kwa mmoja na kitabu kwa mwingine, na hapo ushahidi unakatika milele. Kama jalada bado lipo dukani, apige picha zake zote ndani na nje, na anitumie hizo kwanza kabla ya picha ya hati.